Gurudumu langu liko jikoni kwa baba mdogo

Wote mnaopita hapa dukani Kihanga, someni. Nimekasirika na sitaki kusimulia mara kumi.

Miezi minane naijenga ile pikipiki. Fremu ni ya jeshi, ilibaki vita vilipokwisha. Nyuma haina springi hata moja, kiti kimelala chini. Gurudumu la mbele nililichagua mwenyewe: refu, jembamba, spoki zinang'aa.

Uzuri wote ulikuwa pale!

Nikamwachia mhunzi amalizie usukani.

Leo asubuhi naifuata, nakuta gurudumu fupi, nene, baya. Nyuma kuna keria ya chuma, pana kama kitanda.

"Baba yako mdogo alipita," mhunzi ananiambia. "Kasema pikipiki isiyobeba mikungu ya ndizi haina kazi, na lile gurudumu jembamba lingevunjika."

Yaani mimi sikuulizwa! Pikipiki ni ya nani?

Nikaenda moja kwa moja kwa baba mdogo. Shikamoo niliitoa huku nimeuma meno.

"Marahaba, mwanangu. Gurudumu lako lipo."

Lipo kweli. Jikoni! Limening'inizwa kwa kamba juu ya moto, limelala ubavu, na ndizi zimepangwa juu yake ziive kwa moshi. Spoki zangu nyeusi tii.

"Ndizi za nini hizi?"

"Za pombe, za rubisi," akasema, uso umejaa furaha. "Jumapili ukoo mzima unakuja kunywa. Tunakupongeza kwa pikipiki."

Penseli nimeifunga kwa uzi hapo pembeni. Andikeni chini: niende, nisiende?