Samaki wa Kahiga na Chupa ya Jiki

Mume wangu Kahiga alifanya kazi kwenye mitambo ya umeme ya Olkaria miaka ishirini na tisa, akisoma mita za mabomba ya mvuke na kuandika alichosoma kwenye daftari. Alipostaafu akarudi nyumbani kwetu Kiamunyi, hapa Nakuru, na ile tabia akaja nayo. Wiki ya kwanza alinipimia chai. Ati inachemka kwa dakika kumi na moja, na kwa jiko letu inafaa iwe tisa. Nikamwambia, Baba Joan, mimi nimekupikia chai tangu hujaota kitambi na hakuna siku uliilalamikia. Wiki ya pili akaanza kuandika mlango wa choo unafunguliwa mara ngapi kwa siku.

Aliyeninusuru ni binti yetu Joan. Alimnunulia babake sanduku la kioo la kufugia samaki, dogo tu, la lita sitini, na pampu yake na kifaa cha kupasha maji joto, kwa maana wale samaki ni wa nchi za joto na baridi ya Nakuru asubuhi si ya mchezo. Tukaliweka sebuleni kando ya televisheni. Mzee akapata mita zake, nami nikapata jiko langu.

Sasa mimi Wariara nilidhani kufuga samaki ni kuweka maji, kuweka samaki, basi. Thubutu. Kahiga alikaa na maji matupu wiki tano. Anayatupia chakula kila siku, maji hayana hata kiluwiluwi, na majirani wakija wanauliza kama tunafuga maji. Kila asubuhi anachota kidogo kwa kichupa, anadondoshea dawa, yanabadilika rangi, analinganisha na karatasi fulani, anaandika. Sheria yake ilikuwa moja: samaki mgeni haingii mpaka sumu ya majini isome sifuri siku tatu mfululizo. Na hata hapo wanaingia wawili tu, halafu unangoja tena. Kufikisha samaki wanane kulimchukua karibu nusu mwaka. Kwa muda huo mimi ningekuwa nimefuga kuku, nimechinja, na nimeanza kufuga wengine.

Nikimuuliza anangoja nini, ananijibu kwamba anangoja vijidudu.

"Kuna vijidudu vizuri vinaishi kwa zile kokoto na ile sponji ya pampu," akaniambia. "Ndivyo vinakula uchafu wa samaki. Bila hivyo wanauawa na mkojo wao wenyewe."

Mimi hapo nilisikia neno moja tu. Vijidudu, tena sebuleni kwangu.

Haya. Mwaka huu Joan akatuambia amepata mtu, mwalimu anaitwa Kipkorir, wa kule Kuresoi, na wazazi wake wanataka kuja tujuane. Mimi huuza viazi sokoni na watu wa Kuresoi nawajua. Mama wa huko akiingia kwako, kabla hajakaa ameshaona pembe zote nne za nyumba na kilicho chini ya kochi. Kwa hivyo wiki mbili na zaidi kabla ya siku yenyewe nikaanza. Nikafua mapazia, nikasugua makochi, nikapanguza hata dari. Likabaki lile sanduku. Kokoto zina utelezi wa kijani, sponji imekuwa kahawia na inanuka kama mtaro wa soko. Nikajiuliza, mama mkwe wa mtoto wangu atakaa mbele ya hiki kitu anywe chai kweli?

Kahiga alikuwa ameenda Naivasha kumzika mwenzake wa kazi. Nikaona nafasi ndiyo hiyo. Samaki nikawaweka kwa ndoo. Kokoto nikazilowesha na jiki, ile dawa ya kung'arisha nguo nyeupe, sponji nikaifua na sabuni ya unga mpaka ikawa njano kama ilivyotoka dukani. Nikasugua kioo, nikasuuza kila kitu mara tatu, nikajaza maji safi ya mfereji, nikarudisha samaki wake. Lilikuwa linang'aa. Nilisimama pale mikono kiunoni nikajipongeza.

Kesho yake asubuhi saba walikuwa wanaelea. Akabaki mmoja, dume wa rangi ya machungwa ambaye Kahiga alimpa jina Foreman, yaani msimamizi, kwa sababu hana kazi ila kuzunguka akitazama wengine.

Kahiga aliporudi siku hiyo nilikuwa nimefungua madirisha yote. Alisimama mbele ya sanduku kitambo. Hakuniuliza kitu. Akawatoa kwa kijiko, akawazika chini ya mparachichi, akarudi akakaa na daftari lake. Na mimi, Mungu anisamehe, nikasema, "Pole, Baba Joan. Labda ni wale wawili uliongeza Jumapili. Labda uliharakisha."

Akasema, "Labda."

Alipoingia kuoga nikafungua daftari. Mwisho kabisa wa ukurasa, kwa ule mwandiko wake ulionyooka, alikuwa ameandika: Saba wamekufa. Kosa langu. Nikasikia mlango wa bafu, nikalifunga haraka.

Niliona aibu mpaka chakula kikanishinda. Mtu amengoja nusu mwaka, hajaharakisha hata siku moja, halafu anajilaumu kwa haraka. Ningesema siku hiyo yakaisha. Lakini ukinyamaza siku ya kwanza, ya pili utaanzia wapi? Nikanyamaza. Kahiga akaanza upya na Foreman peke yake, anabadilisha maji kidogo, anapima, anaandika. Siku kumi na sita zikapita, sumu bado iko juu, na wageni wakafika.

Walikuja watatu. Kipkorir mwenyewe, babake mzee Kiptum aliyevaa kofia ya manyoya na koti zito, na mamake, Winrose. Walileta magunia mawili ya viazi na sotet, kile kibuyu cha mursik, yale maziwa ya kugandishwa ya Wakalenjin. Na Winrose alikuwa amepakata mfuko wa plastiki uliojaa maji, samaki sita ndani, amewashikilia tangu mjini kama mtoto mchanga.

"Joan alituambia mzee hapa alifiwa," Kiptum akasema akiwa amesimama. "Tukaona hatuwezi kuja matangani mikono mitupu. Waingie kwanza tuwaone wakiogelea, ndiyo tukae tuongee habari ya watoto."

Kahiga akaupokea mfuko kwa mikono miwili. Akawaangalia, akaangalia sanduku, akaangalia daftari.

"Nimeshukuru sana," akasema. "Lakini leo hawataingia. Maji bado."

Winrose akainama akamtazama Foreman. "Huyu wenu mbona anaogelea vizuri? Ni wetu tu ndio maji hayawataki?"

"Mama, si hivyo," Kahiga akasema.

"Kwetu," Kiptum akasema polepole, "zawadi ikirudishwa mlangoni, hata maneno yaliyokuja nayo yanarudi."

Nikamwona Joan amekunja kitambaa cha meza kwa vidole, anakikunjua, anakikunja tena. Kipkorir anatazama viatu vyake. Uchumba wa watoto ulikuwa unaning'inia kwa mfuko wa plastiki. Nikamfinya Kahiga nikamnong'oneza awaweke tu, wakifa watafia kwetu wageni wakishaenda. Akatikisa kichwa.

"Mzee, nisikilize," akamwambia Kiptum. "Kulikuwa na saba hapa. Niliwaua mimi kwa kuongeza wageni kabla ya wakati. Wangu niliwazika, sawa. Lakini hawa ni zawadi yenu, nao siwezi kuwaua nikijua."

Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Kwangu mgeni amekuja na mwenyeji anajitia kitanzi kwa kosa langu. Mdomo ukafunguka wenyewe.

"Hakuwaua yeye," nikasema. "Ni mimi. Nililiosha hilo sanduku kwa ajili yenu, muone kwangu ni kusafi."

Winrose akageuka. "Uliliosha na nini?"

"Jiki. Na ile sponji na sabuni ya unga."

Akafunika mdomo. Akamwambia mumewe kitu kwa Kikalenjin, na yule mzee aliyekuwa amesimama na uso wa chifu akakaa kwenye kochi akaanza kucheka mpaka kofia ikamwanguka. Nikadhani wananicheka mimi, nikaanza kukasirika.

"Usikasirike, mama," Winrose akasema. "Mke wa kijana wetu mkubwa, Jepleting, alilelewa Nairobi. Mwaka wa kwanza kwetu aliona sotet zangu nyeusi ndani, akanionea huruma. Akaziosha zote na sabuni. Zote nne. Nikitia maziwa hayagandi, yanaoza. Ilibidi nianze upya, nisugue na mkaa wa mti wetu, nitie maziwa kidogo, nimwage, nitie tena. Karibu mwezi mzima mzee huyu alikunywa chai ya rangi akinitazama."

"Nilikuwa nakonda," Kiptum akasema.

"Na Jepleting ulimfanya nini?" Joan akauliza. Alikuwa hajasema neno tangu waingie, na nilijua hakuuliza kwa ajili ya Jepleting.

"Nimfanye nini? Kosa lilikuwa langu. Sikumwonyesha."

Kahiga akakohoa. Winrose akagonga kioo kwa kidole akamwambia mumewe, "Basi hii ni sotet iliyooshwa na sabuni. Ukitia leo utaharibu." Na Kiptum akakubali, kwa maana hapo sasa alikuwa anaongea na mtu aliyeumia kama yeye. Akatoa hukumu: samaki wamepokelewa, wakae kwa beseni mpaka maji yaive, na aliyeosha ndiye atakayewabebea maji. Tukala, tukaongea habari ya watoto hadi jua likaelekea kuzama, wakaenda na tarehe ya kurudi.

Beseni ilikuwa mpya, haijaona sabuni, na iliwekwa chumbani kwetu karibu na soketi kwa sababu ya kifaa cha joto tulichowanunulia. Wiki tatu niliamka nikibadilisha maji ya wageni kabla sijanawa uso. Kahiga akanipa pia vile vichupa vyake, akanifundisha kupima na kuandika. Kila siku nilimuuliza, "Umenisamehe?" Na kila siku aliniuliza, "Vipimo vinasemaje?" Mwanamume huyu ataniua, nilijisemea.

Alhamisi ilisoma sifuri. Ijumaa, sifuri. Jumamosi nikadondosha dawa, rangi haikubadilika hata kidogo. Nikaandika sifuri ya tatu. Halafu nikarudi nyuma kwenye ile siku mbaya, niione kwa mara ya mwisho. Saba wamekufa. Kosa langu. Nikafunua ukurasa. Siku ile sikuwa nimefunua, na maandishi yalikuwa yanaendelea juu ya ukurasa wa pili: Harufu ya jiki mpaka langoni. Sikumweleza vizuri habari ya vijidudu. Nisimuulize, atasema mwenyewe akiwa tayari.

Nilipoinua macho alikuwa amesimama mlangoni na ile beseni.

"Ulijua," nikasema.

"Nilijulia langoni."

"Na ukakaa kimya siku kumi na sita? Ukajitwika kosa langu mbele ya wakwe?"

"Ulikuwa bado hujasoma sifuri, Mama Joan."

Nilitaka kumpiga na kile kijiwavu cha samaki, na ningempiga vizuri kama machozi yangeniacha nione. Kwa hivyo nilikitumbukiza kwa beseni, nikamtia mmoja sandukuni, nikamtia wa pili. Foreman akaja akawazunguka akiwatazama. Nikarudi kwa wa tatu, na Kahiga akanishika mkono.

"Wawili tu leo," akasema.