Mmoja Akate, Mwingine Achague

Mama ndiye aliyetaka shamba ligawanywe akiwa hai. Alikuwa ameona majirani wakipelekana kortini mpaka watoto wa tumbo moja wanapishana kanisani bila salamu, akasema afadhali ugomvi wetu auone kwa macho yake. Tuko wawili tu, mimi na mdogo wangu. Mimi nafundisha hesabu katika shule ya upili mjini Nyeri. Yeye hununua nyanya sokoni Kagio na kuzisafirisha Nairobi. Shamba liko upande wa Othaya, kwenye mteremko. Juu limegusa lami, chini linaishia mtoni, na nyumba ya Mama iko huko chini, katikati ya kahawa.

Baba mdogo, ambaye ndiye mzee pekee aliyebaki upande wa marehemu baba, alileta kanuni inayojulikana hata na watoto wanaogawana muwa: mmoja akate, mwingine achague. Kura iliniangukia mimi nikate. Lakini kulikuwa na sharti. Nyumba haihamishwi, kwa hivyo atakayepata sehemu ya chini amepata na Mama: magoti yake, sukari yake, safari za kliniki kila mwezi, na ng'ombe wake ambaye hakubali kukamuliwa na mtu mwingine. Atakayepata ya juu amepata lami na mahali pa kujenga maduka.

Nilitaka ya juu. Wacha niseme hivyo bila kuzunguka. Mke wangu na Mama hawaivi chungu kimoja, nami nilikuwa nimeshachoka kabla hata ya kuanza.

Shuleni mimi ndiye msimamizi wa chama cha drafti, na kila mwaka nawaambia wanafunzi maneno yale yale. Usianze na hatua yako. Anza mwisho: jiulize atakayecheza baada yako atafanya nini, kisha urudi nyuma mpaka ufike ulipo. Sasa nami nikafanya hivyo. Nikikata katikati, mdogo wangu, ambaye si mjinga, atachukua lami na kuniachia Mama. Nikiongeza mno sehemu ya chini, ataruka nayo, nami nibaki na ukanda wa barabarani usiotosha hata kibanda cha mboga. Kuna mahali pamoja tu ambapo mwenye kuchagua ataona pande zote mbili karibu sawa, na aegemee kidogo tu kule unakotaka. Ukipata mahali hapo, kila mtu atatulia na chake.

Nilienda kuweka vigingi Jumanne moja ya likizo. Kibarua wa Mama alikuwa amepeleka maziwa, hapakuwa na mtu wa kunisaidia, na Mama akasema atashika kamba. Akasimama na ncha moja kwenye ua wa jirani wa kushoto, mimi na nyingine kwenye ua wa kulia. Tulianzia katikati. Nikatazama juu, nikatazama chini, nikajiweka katika viatu vya mdogo wangu: bado angechukua lami. Nikampungia Mama mkono asogee juu laini moja ya mibuni. Akapanda, fimbo mkono mmoja, kamba mkono mwingine, majani yenye umande yakimlowesha sketi. Bado. Nikampungia tena.

Kwenye laini ya tatu nilisimama kwa muda mrefu. Nilikuwa najiuliza mtu angekubali kupoteza mibuni mingapi ili asiwe yeye wa kuamshwa alfajiri Mama akizidiwa na sukari. Nilimpandisha laini moja zaidi, nikahisi mizani imetulia, nikagonga kigingi. Sitadanganya, nilifurahi jinsi ninavyofurahi hesabu ngumu inapotoka. Mama hakuuliza lolote ila kama tumemaliza, apate kuketi.

Jumamosi mdogo wangu alikuja, na Baba mdogo akawa shahidi. Mdogo wangu alitembea mpakani polepole, nikaona midomo yake ikihesabu miti. Alitazama barabara. Alitazama nyumba.

"Mimi nachukua huku chini," alisema. "Kahawa siku hizi iko na bei."

Baba mdogo akaandika. Kila mmoja wetu alikuwa amepata kile ambacho angekichagua tena kama angeulizwa upya, na hakuna aliyekuwa amemdanganya mwenzake. Ila hakuna aliyekuwa amemtaja Mama.

Alikuwa ameketi juu ya debe lililopinduliwa, karibu na kigingi. Nilienda kumwinua. Alinishika mkono, akasema kwa sauti ya chini ili wale wawili wasisikie.

"Laini nne. Mimi nilikuwa nafikiria utaongeza hata kumi."

Hakuwa na hasira, na afadhali angekuwa nayo. Nilitaka kumwambia kwamba zile laini zilikuwa za mdogo wangu, kwamba nilikuwa napima tamaa yake yeye. Haikuwa kweli. Pale kwenye laini ya tatu nilikuwa nimejipima mwenyewe, na Mama ndiye aliyekuwa ameshika ncha ya pili. Kilichoniumiza zaidi ni kwamba sauti yake ilikuwa na kitu kama shukrani: alitarajia kuonekana mzigo mkubwa kuliko huo. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tena. Mpima ardhi alikuwa bado hajaja, na kigingi kile kingeweza kung'olewa kwa mkono mmoja. Nilikiacha.

Baba mdogo alisema basi tunywe chai, mambo yamekwisha vizuri. Mama akatangulia na fimbo yake hadi jikoni, jiko lile lile alilopikia tangu alipoolewa, akasimama mlangoni. Hakuingia. Aligeuka, akamwuliza mdogo wangu kama ni sawa awashe moto.