Aliyegonga Gizani

Zile ngo ngo ngo ziliposikika gizani, watoto walipiga mayowe, wazazi wakapiga makofi, na mimi nikainama kama msanii jukwaani.

Mpaka leo sipendi kusikia makofi. Nawapa mkasa wote, mnilaumu mkitaka. Mwenyewe nimeshajilaumu vya kutosha, maana nusura mtu afe mikononi mwangu.

Naitwa Renita. Kwa miaka tisa nilikuwa natembeza wageni kwenye pango moja la kale nje kidogo ya mji wa Chattanooga, huko Marekani. Juu kuna duka la zawadi na aiskrimu. Chini kuna majina ya askari wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, waliyoyaandika ukutani kwa moshi wa mishumaa. Familia zinakuja na watoto wao, wanashangaa, wanapiga picha.

Ila kilichokuwa kinawaleta hasa ni giza.

Tukifika ukumbi mkubwa, nasimulia habari za askari aliyesahauliwa na wenzake humo ndani. Kisha nazima taa. Kimya. Halafu ngo, ngo, ngo! Askari anagonga atolewe.

Uongo mtupu. Hadithi tuliitunga mimi na Kip, mwenzangu wa kazi, tumekaa kibarazani kwake. Na mgongaji ni Kip huyohuyo, kajibanza nyuma ya mwamba na kipande cha bomba.

Jumamosi moja ya Julai, msafara wa saa nane, alikuja mzee peke yake. Hollis jina lake, mkongojo mkononi, kofia ya kampuni ya matrekta kichwani.

"Binti, ngazi ni nyingi?"

"Mia moja na kumi, mzee wangu. Tutakwenda polepole."

"Vizuri. Mwendo mwingine sina."

Nilihesabu watu getini: kumi na saba. Tulipotoka nikahesabu tena: kumi na saba. Hesabu ikitimia nazima taa za ndani na kufunga geti. Ndiyo utaratibu, naujua hata usingizini.

Saa tisa u nusu nikaingia na kundi jingine. Nikasimulia, nikazima.

Ngo. Ngo. Ngo.

Watu wakacheka cheko la woga. Kukanyamaza. Kisha zikaanza tena, safari hii ovyo ovyo, haraka haraka, na nyuma ya sauti ya maji yanayoporomoka pembeni mwa ukumbi kulikuwa na kitu kama mtu anagumia.

Nywele zilinisimama. Nikajisemea, huyu Kip leo kaamua kuniua.

"Mama, kuna mtu analia," kasichana kamoja kakasema.

"Ni rekodi hiyo, mpenzi. Usiogope."

Baba mmoja akapaza sauti, "Wee askari! Vita vimeisha, rudi kwenu!"

Pango zima likaangua kicheko. Makofi yakalia. Zile ngo ngo zikazidi, na makofi nayo yakazidi. Nikawasha taa, nikainama, nikawaongoza watu wangu nje.

Huko nje nikamkuta Kip dirishani, anakata tiketi.

"Wewe kiboko! Umefikaje huku kabla yangu?"

"Nimetoka wapi kwani?"

"Acha zako. Leo umegonga mpaka na mimi nimeogopa."

Akaweka tiketi chini. "Renita, dada wa tiketi kaugua tangu saa tisa, nikashika nafasi yake. Mimi sijashuka huko. Si nilikutumia ujumbe?"

Chini hakuna mtandao.

Tukatazamana. Sijui nani alianza kukimbia.

Tulimkuta Mzee Hollis korongoni, chini ya njia, mguu umepinda vibaya. Nilipozima taa kwenye msafara wake, alikuwa kasimama mwisho kabisa, pale reli ya kushikilia inapokatika. Hatua moja tu gizani, akatumbukia, na maji yakameza sauti yake. Kwa muda wa karibu saa mbili alikuwa humo. Mkongojo bado kaushika, ncha yake ya chuma imechubuka.

Alinitazama. Hakunitukana. Afadhali angenitukana.

"Niligonga," alisema. "Mkapiga makofi."

Nililia palepale, sikuona haya.

Mguu uliungwa kwa vyuma, akapona. Na hesabu yangu? Kila kundi hupigwa picha getini, basi nikaitafuta ya saa nane. Kulikuwa na mama mmoja kavaa koti pana kwa ajili ya baridi ya pangoni, na chini ya koti kimechomoza kimguu cha mtoto mchanga. Wakati wa kuingia mtoto huyo sikumwona. Wakati wa kutoka alikuwa macho, kichwa nje, nikamhesabu. Mtoto akajaza nafasi ya mzee, namba ikatimia. Nilihesabu vichwa, nyuso sikuzitazama.

Jioni ileile nikafungua ukurasa wetu wa maoni. Mgeni mmoja wa saa tisa u nusu alikuwa ametupa nyota tano. Aliandika: "Mgongaji wao ni hatari! Yaani kama kweli kuna mtu anakufa."

Kesho yake niliacha kazi.

Ndugu zangu, ukizoea kuuza woga wa uongo, wa kweli ukija utaupigia makofi. Mtu akigonga, hata ukidhani ni mchezo, nenda kaangalie kwanza. Kucheka kupo tu, utacheka baadaye.