Nimemkamata anayekula bando nyumbani kwangu

Leo nimemkamata anayemaliza bando nyumba hii, na sina la kumfanya.

Nalipia GB 100 kwa mwezi, kwa jasho langu mwenyewe. Mwezi haujafika katikati, zimebaki sita!

Lawama zote nikawapa wanangu na katuni zao.

Leo nikaingia kwenye ruta nione kila simu inakula kiasi gani. Watoto wote watatu, GB 9. Kuna simu moja, peke yake, GB 61.

Nikaifungia palepale. Sikuuliza hata ni ya nani.

Mara Mama yangu huyo, katoka chumbani mbio. Mama huyu huyu wa kulalamikia magoti!

"Ng'wanawane, mwanangu, mtandao umekufa na ng'ombe anazaa!"

Ng'ombe gani tena, hapa Kahama mjini?

Kumbe mdogo wangu, anayemtunzia Mama ng'ombe kule Bukombe, huwa anafunga simu kwenye nguzo ya zizi na kumpigia kwa video. Mama anashinda nao kutwa, anawaita kwa majina.

"Mama, GB 61 kuangalia ng'ombe wakicheua?"

"Wewe si unaangalia wanaume wazima wakigombania mpira? Fungua!"

Nikafungua haraka. Tukajazana kitandani kwa Mama, pamoja na wanangu niliowasingizia, tukamwona ndama akitoka. Vigelegele nyumba nzima!

Jioni nimekagua tena. Anayeongoza kwa kula bando leo ni mimi.

Ndama anajaribu kusimama, anaanguka, anajaribu tena. Wewe ungeweza kuzima?