Hati ya Waitara na Mseti

Selestine Waitara wa Ringwani alikuwa mkulima wa pamba na mtama, mtu mpole, na shamba lake lilikuwa bondeni karibu na kijito. Kila mgeni wa heshima alipofika kwake, alifungua mkebe wa biskuti na kumtolea hati.

Hati hiyo iliandikwa kabla ya uhuru, baba yake akiwa hai. Mzee Waitara na jirani yake, mzee Mseti, walikatana mapanga kwa ajili ya mpaka wa bonde. Siku hizo watu wawili walikuwa wakizunguka vijijini kwa siri wakigawa kadi za chama: Nashoni Wangwe, karani wa ushirika wa pamba, na Bushiri Athumani, fundi cherehani wa Mugumu. Waliposikia ugomvi ule walikuja kupatanisha.

"Kama bonde moja linawashinda," Bushiri aliwaambia wazee, "nchi mtaiwezaje?"

Nashoni akaandika, wazee wakaweka dole gumba, na wale wawili wakatia sahihi kama mashahidi. Baada ya uhuru, Nashoni na Bushiri wakawa watu wakubwa. Hakuna aliyewahi kusikia habari za karatasi nyingine yenye sahihi zao wote wawili.

Wazee walipokufa, bonde walirithi Selestine na Simioni Mseti, waliochunga pamoja tangu utoto. Hati ilikaa kwa Selestine kwa sababu yeye alisoma kidogo misheni. Simioni hakujua hata herufi moja, na tangu utoto aliiona kuwa karatasi ya akina Waitara.

Mwaka 1974 operesheni ya vijiji ikafika. Watu walitakiwa kuhamia kijiji kipya kando ya barabara. Selestine alipowaona mgambo wakishuka bondeni, aliingia ndani akatoa hati. Jina la Waitara lilikuwa juu, la Mseti katikati, sahihi chini. Akaikunja hivi kwamba mistari ya katikati ikapotelea ndani ya mkunjo, ionekane ni ya Waitara peke yake. Veronika, mkewe, alikuwa mlangoni na ungo wa mtama. Alimwona, akaendelea kupepeta.

Kiongozi wa mgambo alisoma akiwa amesimama. Kwenye sahihi akarudia.

"Ni hawa wenyewe?"

"Wenyewe. Walilala humu ndani."

"Na jirani yako pale, naye yumo?"

Moshi wa jikoni kwa Simioni ulikuwa unaonekana juu ya katani za mpakani.

"Hayumo," Selestine akasema.

Kiongozi akamrudishia karatasi kwa mikono miwili. Akasema kwa Waitara pasiguswe kwanza, mpaka aulize wakubwa wake. Kwa Simioni waliezua nyasi za paa wakazichoma, huku Bhoke, mke wa Simioni, akitoa vyungu peke yake. Simioni alikuwa akifukuzana na ng'ombe walioshtushwa na moto. Alipowapata alikuja kuaga.

"Afadhali wewe, mura. Karatasi ya baba yako ina nguvu. Niangalizie mpaka wangu."

Selestine akaitikia kwa kichwa.

Bonde likawa kimya. Nguruwe pori walifyeka mtama, kwa kuwa hapakuwa na majirani wa kuwafukuza. Veronika akaacha njia ya mkato ya kijitoni ili asipite kwenye majivu ya nyumba ya Bhoke. Wageni walipouliza habari za hati, Selestine alisema imeliwa na panya. Alipokwenda kijijini kuuza pamba, Simioni alimtafutia kigoda na kuwaambia watu, "Huyu ni jirani yangu." Selestine alikaa akitazama vidole vya miguu yake.

Kisha Simioni akaingia kisomo cha watu wazima. Siku moja, kwenye mizani ya pamba, alisoma silabi kwa silabi kibao cha ukutani, akacheka kwa furaha.

"Nitakuja nisome ile hati yenu. Nataka kuona sahihi ya Bushiri."

Selestine aliporudi nyumbani alitoa hati akasogea kwenye mafiga. Moto ulikuwa unawaka.

"Ukiichoma," Veronika akasema bila kupandisha sauti, "mimi nitakwenda kumwambia kwa mdomo."

Kesho yake Selestine aliipeleka mwenyewe. Simioni alisoma akiwa ameketi nje ya kibanda chake kipya, kidole kikifuata mistari. Katikati kidole kikasimama.

"M-se-ti." Akarudia. Akaendelea polepole: "Kila mmoja awe sha-hi-di wa mpaka wa mwenzake."

Akainua macho kumtazama Selestine.

"Siku ile mgambo hawakuliona jina hili?"

"Niliikunja. Waliniuliza kama umo, nikawajibu, 'Hayumo.'"

Simioni aliitazama alama ya mkunjo. "Na mimi nilikuwa nakusifu," akasema. "Hii itakaa kwangu."

"Ikae."

Selestine hakusubiri zaidi jibu la wakubwa wa mgambo. Aliezua nyumba yake mwenyewe akahamia kijijini, akajenga mwisho wa mstari wa nyumba. Simioni hakumwambia mtu yeyote, na hilo ndilo lililomwelemea Selestine. Watu waliendelea kumheshimu, wakataka kumchagua kwenye kamati, akakataa bila kuweza kusema sababu. Bonde likawa shamba la kijiji, katani za mpakani zikang'olewa, na wote wawili wakawa wanalima huko siku za kazi za pamoja.

Wakati wa kupumzika watu walipenda kumwambia Selestine awasimulie Nashoni na Bushiri walivyolala kwa baba yake.

"Muulizeni Simioni," alikuwa akijibu. "Hati iko kwake."

"Ipo," Simioni alikuwa akisema, na kuendelea kula.