Kunakiri kwa R

Kriii, kama panya aliyebanwa na mlango. Juzi bwenini redio ya mtu ilitafuna mkanda, ikatoa mlio huo, nami nikapandwa na hasira ya miaka sita nikiwa na sahani ya maharage mkononi.

Ndivyo ilivyolia kompyuta ya parokia kule kwetu Mbuba, mpakani na Burundi, kila iliposoma kaseti. Ilikuwa kuukuu, kibodi nene ya kuchomeka kwenye televisheni, na programu zake zilikaa kwenye kaseti kama nyimbo za kwaya. Kila Jumamosi mwalimu Nestori, mkimbizi wa Burundi, alitoka kambini na kibali chake mfukoni, akatuandikia mchezo wa hesabu. Ukipata, ng'ombe anatembea. Ukikosa, anakaa chini anakutazama. Wangu alikaa mpaka nikamwonea huruma.

Kioo kilianza hivi: NESTORI. RUKSA KUNAKIRI. WAPE WENGINE. Alitaka kusema kunakili, ila kule kwetu l na r ni pacha. Nilikuwa na miaka tisa na mdomo mkubwa.

“Shikamoo mwalimu. Tumekuja kukiri.”

“Marahaba. Kirini, kisha mgawe.”

Tukarekodi kwa redio ya mikanda miwili, tukagawa.

Akaja mtaalamu mmoja wa kompyuta kutoka mjini, mwenye tai, wa kutukaripia “semeni lala, si rara.” Akaazima kaseti eti aikague. Aliporudi ilikuwa na lebo inayong'aa, na kioo kikaandika jina lake, halafu: MARUFUKU KUNAKIRI. Akatangaza kwamba nakala zetu ni za wizi, tuzirudishe. Yaani umepewa kitu, mtu anakiiba, halafu mwizi ni wewe.

Nestori alikuwa mlangoni. “Bwana, hiyo kazi ni yangu.”

“Una karatasi?”

“Nina kibali cha kutoka kambini.”

Mtaalamu akacheka. Tukacheka wote, mimi wa kwanza. Nestori akakitazama kioo, akaniambia polepole, “Hata r yangu ameichukua.” Jumamosi iliyofuata hakuja, wala nyingine.

Nilimwelewa kidato cha pili, mwalimu wa Kiswahili alipoikata “kunakiri” yangu kwa kalamu nyekundu. Bwana lala-si-rara alifuta jina kwa haraka, akasahau kufuta kosa. Ushahidi ulikuwa umewaka pale kiooni, na mtu aliyeitania herufi ile kila Jumamosi ni mimi. Ningenyoosha kidole tu. Nikacheka.

Kaseti moja sikuirudisha. Nimeiandika Kwaya ya Pasaka, na anayeitaka namrekodia bure. Kwenye insha bado naandika kunakiri. Mwalimu anakata. Akate.