Bodi la Pikapu ya Baba

Laiti ningekataa baba aliponiambia nikae naye mbele. Juzi nilimwona fundi mmoja Mafinga akigonga bodi la pikapu, nikaikumbuka sauti ya siku ile ya utotoni.

Mchana huo baba alikuwa ameng'oa bodi lililoliwa na kutu, akafunga jingine lililotumika lakini imara, lenye harufu ya maua ya pareto lililowahi kubeba. Tulikuwa tunamrudisha bibi kwake Tukuyu. Harufu ya petroli ilimchefua, hivyo alipanda nyuma kwenye bodi na viazi vya kuchoma.

Njia nzima aligonga bati. Nilidhani anafurahia uimara wa bodi.

"Mume wangu," alinitania tulipofika, "nimekuita weee! Viazi vyako vimepoa."

Nilicheka, nikaahidi kukaa naye safari ijayo. Alifariki kabla ya mavuno. Kwa kupenda kiti cha mbele, niliikosa safari ya mwisho na bibi yangu.